Singa ndani ya saruji: kisa cha paa lililokula katani yake

Kigae cha saruji kilichotiwa katani, kikiwa kipya, hakivunjiki kwa urahisi. Ukikigonga kwenye goti kinapasuka, lakini vipande viwili vinabaki vimeng'ang'aniana. Singa, yaani nyuzi za mkonge, zimetokeza kwenye ufa kama sharubu za kambale, na itabidi uvivute na kuvisokota ndipo viachane. Chukua sasa kigae cha kalibu hiyohiyo kilichokaa juu ya paa kwa miaka kadhaa. Hicho hakihitaji goti. Kinakatika ta! kama biskuti, na pale kilipokatika huoni sharubu hata moja. Kuna vitundu vyembamba tu mahali singa zilipopita, na ndani yake uchafu wa kahawia ambao ukiusugua kwa kidole unageuka unga.

Niliwahi kushika vyote viwili siku moja, kwa mjomba wangu upande wa Muheza. Alikuwa ameezeka jiko la uani kwa vigae vya kikundi cha mtaani, na vigae kumi hivi vya akiba akavipanga ghalani juu ya ubao. Miaka ikapita, vya juu vikaanza kukatika kila paka akipita. Hukumu yake ilikuwa tayari. "Fundi kaniibia saruji, mjomba," aliniambia (kwetu mjomba na mpwa huitana mjomba wote wawili). "Kapunja."

Ni tuhuma ya kawaida, na mara nyingi ni ya kweli. Lakini nilipokwenda ghalani nikavunja kigae kimoja cha akiba, sharubu zilikuwepo, nyeupe na ngumu. Saruji ilikuwa ileile, mchanga uleule, fundi yuleyule, wiki ileile ya kufyatua. Tofauti ilikuwa moja tu: vya ghalani havikuwahi kunyeshewa. Kisa kizima kiko hapo. Kwa kuwa siku hizi kila maonyesho ya Nane Nane yana meza ya kijana mwenye tofali au ubao uliotokana na mabaki ya shamba, naona kinafaa kufunguliwa mpaka ndani.

Wazo la kutia katani kwenye saruji halikuwa la kipuuzi. Mtu aliyekulia Tanga hahitaji kuelezwa mabaki ya mkonge ni nini, maana harufu yake inamfikia kabla hajaiona korona, mashine ya kuchambua singa kutoka kwenye majani ya mkonge. Mmea uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 1000 ilitoka Florida, ikafika 62 iliyo hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka, mbele ya dunia nzima. Lakini katika kila kilo 100 za majani yanayoingia kwenye korona, singa ni kama kilo 4. Kilo 96 zinazobaki ni maji, nyama ya jani, maganda, pamoja na singa fupi zilizoponyoka kwenye ngoma na kusombwa na maji mpaka kwenye mtaro. Halafu kamba za plastiki zikaja, bei ya katani ikaanguka, na hata singa nzuri ndefu zikawa zinatafuta kazi.

Upande wa pili kulikuwa na shida ya paa. Miaka ya 1970 na 1980 bati lilikuwa bidhaa ya kigeni katika nchi isiyo na fedha za kigeni. Makuti yanaungua na yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Karatasi za asbesto zilikuwepo, lakini habari za madhara yake kwenye mapafu zilikuwa zimeanza kusambaa. Na asbesto ni nini kama si nyuzi ndani ya saruji? Mtu yeyote mwenye akili angejiuliza: ikiwa nyuzi za mwamba zinaifanya saruji iwe nyembamba na imara, kwa nini zisifanye hivyo nyuzi za mkonge?

Aliyelisambaza wazo hilo kuliko wengine ni Mwingereza John Parry, mwenye karakana Cradley Heath, hukohuko Uingereza. Mtambo wake ni mdogo kiasi cha kutosha nyuma ya pikapu. Ni meza inayotetemeka kwa umeme wa betri ya gari, volti 12, pamoja na rundo la kalibu zenye mawimbi. Unachanganya saruji ndoo moja kwa mchanga ndoo tatu hivi, unatia singa zilizokatwa fupifupi, kama asilimia moja ya uzito. Unamwaga kwenye fremu juu ya karatasi ya nailoni, unatetemesha mpaka uji utulie na hewa itoke, unanyanyua fremu, kisha unaiburuta ile nailoni pamoja na uji wake juu ya kalibu ya mawimbi. Hapo uji ulio bapa unajikunja na kuchukua umbo la kigae. Kesho yake unatoa kigae chenye urefu wa kama nusu mita na unene usiofika sentimita moja, unakiweka majini au penye unyevu kikomae. Mita moja ya mraba ya paa inataka vigae 13 hivi.

Kumbuka ile hatua ya kuburuta uji juu ya kalibu. Tutairudia.

Vikundi vya vijana, vya akina mama, vya makanisa, vya vijiji, vilianzishwa katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Mwanzoni watu walitaka zaidi karatasi kubwa, zenye urefu wa mita na zaidi, zifanane na bati na asbesto. Zikafyatuliwa, zikaezekwa, picha zikapigwa. Baada ya mvua za mwaka wa kwanza au wa pili nyufa zikaanza.

Hans-Erik Gram, wa taasisi ya utafiti wa saruji na zege ya Stockholm, ndiye aliyelichimba suala hili mpaka chini, akatoa matokeo yake mwaka 1983. Katani ilikuwa miongoni mwa nyuzi alizozipima. Alichokikuta anaweza kukieleza mpishi yeyote wa pwani bila kusoma kemia.

Maharage yakiwa magumu, mpishi hutia magadi kidogo. Magadi hayapashi moto zaidi. Yanalegeza gundi inayoshikilia ganda la haragwe, na haragwe likalainika. Singa ya mkonge nayo ina gundi. Uzi tunaouona kwa macho, wenye urefu wa mita, kwa kweli si uzi mmoja. Ni maelfu ya vijiuzi vyenye urefu wa milimita chache tu, vimepangwa kwa kupishana kama matofali ya ukutani, na kati yake kuna lignini na hemiselulosi zinazovigandisha. Saruji inapokomaa inazaa chokaa, na maji yaliyonaswa ndani ya vitundu vyake yanakuwa makali, kipimo cha pH kikikaribia 13. Magadi ya maharage hayafui dafu hapo. Maji hayo yanaila ile gundi. Singa inarudi kuwa vijiuzi vya milimita chache visivyoshikana, yaani unga wa kahawia ule niliousugua kwa kidole. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kinafanya jambo hilohilo kwa makusudi: magogo ya msindano yanapikwa kwenye maji makali ili lignini itoke na nyuzi ziachane. Tofauti ni kwamba Mgololo wanataka karatasi. Mjomba wangu alitaka paa.

Na mvua inaingia wapi? Chokaa kavu haina miguu. Ndani ya kigae kikavu kilichopangwa ghalani, gundi ya singa inaguswa kidogo tu na basi, maana hakuna maji ya kuusafirisha ukali. Juu ya paa ni hadithi nyingine. Masika yanaloanisha, maji yanapenya, yanayeyusha chokaa na kuingia nayo mpaka kwenye moyo wa singa. Jua linatoka, paa linakuwa kikaango, maji yanavukizwa, na chokaa inabaki mle ndani kama kutu kwenye birika. Kisha vuli. Singa iliyolowa inavimba, ikikauka inasinyaa, na kila safari inazidi kujitenga na saruji iliyoizunguka. Gram aliona wazi kwamba kulowa na kukauka kwa kupokezana ndiko kunakoharakisha uharibifu. Tabianchi ya pwani yetu, ukiitazama kwa jicho hilo, ni maabara ya kuharibia katani ndani ya saruji.

Kwa hiyo fundi hakuiba. Angetia saruji mara mbili, chokaa ingezidi na singa zingeliwa vilevile.

Lakini kama katani hufa ndani ya saruji, mbona kuna vigae vya enzi hizo vilivyodumu miaka mingi bila tatizo? Maana vipo. Mwaka 1987 SKAT, shirika la Uswisi lenye makao St. Gallen, lilitoa tathmini ya uzoefu wa nchi nyingi, na picha iliyojitokeza haikuwa ya kushindwa tupu. Zile karatasi kubwa ndizo zilizoumbuka. Vigae vidogo, vilivyofyatuliwa kwa mchanga mzuri, vikakomazwa vizuri na kuezekwa juu ya kenchi iliyonyooka, vilikuwa bado viko juu.

Sababu yake ni kama mzaha. Singa hazikuwa zinafanya kazi tuliyodhani zinafanya. Rudi kwenye ile hatua ya kuburuta uji juu ya kalibu: uji wa mchanga na saruji peke yake ukikunjwa hivyo unachanika. Singa ndizo zinazoushikilia usichanike, na ndizo zinazozuia nyufa ndogondogo za saa za kwanza, uji unapoanza kukauka na kusinyaa. Yaani kazi ya kweli ya katani ilikuwa ya usiku mmoja. Baada ya hapo kigae kidogo kinasimama kwa nguvu ya saruji yenyewe, kwa kuwa umbali kutoka papi moja (mbao nyembamba inayobeba vigae) hadi nyingine ni mfupi na mzigo ni mdogo. Singa zikifa mwaka wa pili, hakina habari. Karatasi kubwa ilikuwa imezipa singa kazi ya maisha. Ilizitegemea kubeba uzito, mbao zikijipinda, upepo ukipiga, fundi akikanyaga. Singa zilipokufa ikabaki saruji nyembamba yenye mwili mkubwa na isiyo na mfupa.

Vigae vya mjomba vilikuwa vidogo, basi kwa nini vilikatika? Nilipanda kuangalia. Papi zilikuwa za mbao mbichi, zimejikunja kama nyoka, na kila kigae kilikuwa kimekaa juu ya nukta mbili badala ya mstari. Kikiwa na singa hai kingevumilia. Bila singa, hata paka alitosha.

Waliofahamu hilo walichukua uamuzi ambao mimi nauheshimu kuliko ugunduzi wowote katika kisa hiki: waliitoa katani. Badala ya singa wakaweka kokoto ndogo sana, wakaurekebisha uji, na kigae kikaendelea kwa jina la zege ndogo. Kimeenea, Cuba hasa. Lakini kama lengo lako lilikuwa kuinua mabaki ya mkonge, huo si ushindi. Mabaki yamebaki mtaroni.

Njia nyingine ilikuwa kumtibu mharibifu, yaani kuila chokaa kabla haijaila singa. Dawa inajulikana tangu Warumi. Ni pozolana, unga wenye silika unaoungana na chokaa na kuigeuza kuwa gundi isiyo kali. Na hapa shamba linarudi kwa mlango wa nyuma, kwa sababu pozolana mojawapo ya nguvu kabisa ni majivu ya pumba za mpunga. Mpunga unafyonza silika ardhini na kuihifadhi kwenye ganda lake. Ukichoma pumba, karibu asilimia 90 ya majivu ni silika. Kutoka korona za Korogwe hadi mashine za kukoboa za Mombo si mbali. Mabaki mawili ya mkoa mmoja, moja likimlinda mwenzake. Kwenye karatasi ya maombi ya ufadhili inasomeka kama shairi.

Fanya hesabu kwanza. Ili singa zisalimike kwa kweli, dawa haitiwi kwa kijiko. Gram alihitaji kuondoa asilimia 40 hadi 50 ya saruji na kuweka vumbi laini la silika badala yake. Miaka mingi baadaye Romildo Toledo Filho na wenzake, Rio de Janeiro, waliweka kaolini, yaani udongo mweupe, iliyochomwa badala ya nusu ya saruji, chokaa ikaisha na singa zikabaki na nguvu zake. (Kaolini tunayo, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam.) Nusu ya mfuko wa saruji ni kilo 25. Tani moja ya mpunga inatoa pumba kama kilo 200, na pumba hizo zikiungua zinabaki majivu kama kilo 40. Kilo 25 za majivu, basi, ni pumba kilo 125, mpunga kilo 625. Na pumba ni nyepesi kama hewa: kilo 125 hizo zinazidi mita moja ya ujazo. Lori linalobeba pumba linabeba upepo, lakini dizeli linakunywa ileile.

Halafu si kila jivu ni dawa. Likiungua kwa moto mkali, juu ya nyuzi joto 700 hivi kwa muda mrefu, silika inajipanga kuwa fuwele na inakuwa mchanga tu wenye jina zuri. Moto ukikosa hewa, jivu linabaki jeusi, limejaa mkaa. Linalotakiwa ni la kijivu, lililochomwa taratibu, kisha likasagwa laini sana. Jivu unaloliokota kwenye tanuri la matofali ya kuchoma limepitia moto wa kila namna, na hakuna anayejua ni upi. Ongeza jambo moja ambalo vikundi vingi havina habari nalo: saruji nyingi za bei nafuu madukani kwetu, hasa za daraja la 32.5, tayari zimechanganywa pozolana ya volkeno kiwandani. Ukitoa nusu ya mfuko huo na kuweka jivu, hutoi nusu ya saruji halisi tu, unaongeza dawa juu ya dawa, na kigae kitachelewa kukomaa mpaka uchoke kusubiri.

Haya yote yanawezekana. Yanataka tanuri linalodhibitiwa, kinu, na mtu wa kupima. Lakini kufikia hapo kigae si cha maskini tena, na bati jepesi la kisasa linakingoja mlangoni. Wabrazili walipita njia yao. Mwaka 1989 huko São Paulo ilijengwa nyumba ya mfano yenye kuta za nyuzi za nazi ndani ya saruji ya mabaki ya tanuri la chuma, saruji isiyo kali. Kuta zilichunguzwa baada ya miaka 12, na nyuzi zilizotolewa ndani yake zilikutwa bado nzima. Safi kabisa, ila inataka jirani mwenye tanuri la chuma.

Kwa hiyo nikimkuta yule kijana wa Nane Nane na ubao wake, simuulizi umetokana na nini. Namuuliza umekula mvua ngapi. Ubao uliotengenezwa Juni na kuonyeshwa Agosti haujaona kitu. Wengine hunikasirikia, na ninawaelewa, maana mtu aliyehangaika miezi mitatu na mashine ya kukodi hataki kusikia habari za mwaka 1983. Mmoja aliniambia atauanika juu ya banda la kuku la mama yake mpaka masika yapite. Huyo nitamtafuta.

Na wakati watafiti wakibishana kuhusu paa, mafundi wa mtaani walikuwa wameshaipatia katani mahali pake pa kukaa, bila semina. Nenda kwenye kibanda chochote cha mafundi wa dari. Utakuta fungu la singa limening'inia kwenye msumari. Niliyemkuta Tanga mjini alikuwa anatengeneza mikanda ya jipsamu. Alipaka mafuta kwenye kalibu, akamimina tabaka jembamba la uji mweupe, akachambua singa kwa vidole mpaka zikawa kama wavu wa buibui, akazilaza, akazikandamiza kwa brashi iliyolowa uji, akaongeza tabaka la pili. Alikuwa na haraka, jipsamu haisubiri. Baada ya muda mfupi alinyanyua mkanda mrefu kuliko mimi, mwembamba, akaushika ncha moja na kuutikisa hewani kunionyesha.

"Bila katani huu haufiki kwa mteja, kaka," alisema. "Ukiupakia kwenye bodaboda tu, unashusha vipande."

Nilimuuliza kama singa haziozi mle ndani. Akacheka, akanionyesha kipande alichokibomoa kwenye nyumba ya zamani, anachokitumia kukanyagia mlango usifungwe na upepo. Sharubu zilikuwepo zote. Jipsamu haina ukali wa saruji, haizai chokaa, na dari haijui mvua ni nini, labda bati livuje. Masharti yote mawili yaliyoliua paa la mjomba hayapo.

Siri ndogo ni kwamba kazi hii inatumia singa ndefu zilizosafishwa, na si zile za mtaroni. Za mtaroni zina mnunuzi mwingine. Pale Hale ulijengwa mtambo wa kuyageuza mabaki ya korona kuwa biogesi na umeme, na mfugaji mwenye shimo la biogesi nyumbani anaweza kuyatumia pia. Taka ikishapata wa kuitaka, bei yake haiwi bure tena, na hesabu ya kigae inabadilika upya.

Jiko la mjomba sasa lina bati. Kabla hajavitupa vigae vyake nilimpelekea vipande viwili, cha juu na cha ghalani, nikamweleza habari za chokaa na singa, na magadi na maharage. Alivigeuzageuza, akausugua ule unga wa kahawia kama nilivyofanya mimi.

"Kumbe mvua," alisema.

Kisha akakirudia kile cha ghalani, akakikwaruza kwa ukucha, akakinusa.

"Lakini mchanga nao aliupunja."